Hasira Ina Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Naandika kwa sababu humu ndani nikisema naambiwa napiga kelele. Kazi yangu ni kupiga kelele. Miaka yote niliyosimama kwenye jukwaa la ghala la mnada, nikinadi vitunguu vya wakulima mbele ya wanunuzi, hakuna aliyeniambia sauti yangu imezidi. Kule wananiita Cherehani, kwa jinsi ninavyokwenda bila kukata uzi. Nyumbani ndiko nimegeuka kero.

Ugomvi wa leo ulikuwa wa dirisha. Mimi nalifungua, mama mkwe analifunga. Yeye amejifunika shuka mbili, mimi natoka jasho kana kwamba nimebeba magunia mwenyewe. Mume wangu ni fundi wa majokofu, na kama kuna mtu wa kuamua kesi ya joto na baridi ni yeye. Alikaa katikati yetu akala, akasema chakula kitamu. Nilitamani kumvika sahani.

Kesho msimu unafunguliwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimemaliza mafungu yote kabla ya saa sita mchana. Haijapata kutokea.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekula mara nne na bado sketi inanizunguka kiunoni. Mama mkwe anasema majirani watadhani ananinyima. Nikamwambia awaalike waje wahesabu sufuria. Akafunga dirisha.

Jumanne, 11 Juni

Karani amenikera. Yeye hukaa kwenye meza ndogo pembeni ya jukwaa, akiandika kila fungu limekwenda kwa nani na kwa bei gani. Leo alinivuta sketi katikati ya mnada akasema nipunguze mwendo, kalamu yake hainifikii. Nikamwambia mbele ya watu wote anunue kalamu yenye miguu. Ghala zima likacheka isipokuwa yeye.

Najua anachotaka. Anataka jukwaa. Nimewahi kumsikia stoo akijinadia peke yake, magunia matupu ndiyo wanunuzi.

Ijumaa, 14 Juni

Moyo unanienda mbio nikiwa nimekaa. Mkono wa kulia unatetemeka kidogo. Ni chai. Nimeacha chai.

Jumapili, 16 Juni

Si chai.

Ijumaa, 21 Juni

Leo nimemwangamiza mtu, na sikukusudia.

Lazima nieleze sheria yetu, ili siku nikisoma tena nisijidanganye. Mkulima husimama kando ya fungu lake. Mnunuzi huinua kidole. Mimi napandisha bei huku nyundo ya mti ikiwa juu. Nyundo ikigusa meza, biashara imekwisha. Hata mnadi akipiga chafya ikamponyoka, imekwisha. Sheria hiyo ni kali, na nimeitetea siku zote, maana bila hiyo watu wangebishana mpaka vitunguu vichipue.

Fungu la tisa lilikuwa la Mama Mapacha. Vitunguu vyake vilikuwa vyekundu, vikavu, vya saizi moja, na watu walikuwa wameanza kusukumana kuvitazama. Bei ilikuwa bado iko chini kabisa, ndiyo kwanza nafungua mdomo. Mkono ukatetemeka, nyundo ikagusa meza. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, lakini kila mtu aliusikia.

Mnunuzi mmoja mnene, aliyekuwa ameinua kidole kama mtu anayejikuna, akajikuta amenunua fungu bora la siku kwa bei ya makapi. Nikasema imeniponyoka, turudie. Akasema sheria ni sheria, Cherehani, tumeisikia kwako. Meneja akatikisa kichwa kumkubalia. Karani akaandika.

Mama Mapacha hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Nimekukosea nini?"

Kisha nikashuka jukwaani nikamgombeza mnunuzi, nikamgombeza meneja, nikamgombeza mlinzi wa lango ambaye hakuwepo kabisa kwenye habari hii. Nilijisikia nikiropoka na sikuweza kusimama. Meneja akaniambia niende nyumbani.

Jumamosi, 22 Juni

Mama mkwe na mimi tulikuwa dirishani tena, kila mmoja kashika bawa lake. Nilikuwa nakunywa maji huku nagombana, maana siku hizi nafanya mawili kwa pamoja. Ghafla akaniachia dirisha. Akasema, "Kunywa tena." Nikadhani ananikebehi. Akaweka vidole viwili shingoni mwangu, baridi kama vijiko, akasema nimeze.

"Kuna kitu kinapanda na kushuka hapo. Mwanangu, wewe huna kiburi. Wewe unaumwa."

Ni mara ya kwanza ameniita mwanangu tangu niolewe. Nililia, na hiyo nayo haikuwa kawaida yangu.

Jumatatu, 24 Juni

Daktari ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo mno, ikabidi niiname kumsikia. Aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza. Akasikiliza moyo, akatazama macho yangu ambayo nilidhani yamekuwa makubwa kwa sababu nimekonda. Damu ilikuwa imetolewa asubuhi. Majibu yalipofika akatugeuzia kiti, mimi na mume wangu.

Alisema mwili unajiongoza kwa njia mbili. Moja ni mishipa ya fahamu, ambayo hufikisha habari papo hapo: ukigusa moto, mkono umesharudi kabla hujasema lolote. Ya pili ni homoni, ambazo tezi humwaga kwenye damu, nazo huenda taratibu, hufika kila mahali na hukaa. Nikaelewa kwa lugha ya ghala. Mshipa ni sauti yangu: nikisema, kidole kinainuka. Homoni ni harufu ya vitunguu: haina haraka, lakini inakufuata mpaka kitandani.

Tezi yangu ya shingo, ile inayoamua mwili uchome moto kiasi gani, imepandwa wazimu. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo ambayo huipimia kazi na kuiamuru: ongeza, sasa punguza. Ile ndogo imeshanyamaza siku nyingi. Lakini kinga ya mwili wangu imetengeneza kitu kinachojifanya amri, kinaibonyeza tezi usiku na mchana. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki changu kimeingia ndani zaidi.

Mume wangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu nyumbani, akakaa sawa. Akauliza, "Yaani themostati imeshakata, ila kuna mtu kaunga waya pembeni, kompresa inazunguka tu?" Daktari akasema ni karibu na hapo, ila huo waya hatuwezi kuufuata tukaukata. Tunaweza kuidhoofisha kompresa kwa vidonge, tungoje wiki kadhaa. Vidonge vingine vitatuliza moyo na mkono mapema zaidi. Kuna na kisu, akasema. Nikauliza kisu kinapita wapi. Akasema mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma ya tezi hiyo hiyo, na mara nyingi hauguswi. Nikamwambia mara nyingi hainitoshi, mimi nakula kwa sauti. Tukaanza na vidonge.

Akanionya pia: koo likiuma pamoja na homa, nisingoje, nije siku hiyo hiyo, kwa sababu mara chache dawa hiyo hupunguza askari wa damu.

Mwishoni akataja dalili zote kwa mpangilio: joto, njaa, kukonda, kutetemeka, kukosa usingizi, fikra za haraka haraka, hasira. Aliposema hasira nilimwona mume wangu anashusha pumzi. Uso wake ulisema: kwa hiyo hasira zote za mwaka huu zilikuwa za tezi, hakuna hata moja aliyoisababisha yeye! Nimeumeza usemi huo pamoja na kidonge cha kwanza.

Jumanne, 25 Juni

Nilimweleza meneja ukweli wote, nikidhani ukweli ni dawa. Akasikiliza vizuri. Kisha akasema karani atapanda jukwaani mpaka nipone, na mimi nikae kwenye meza yake niandike. Nilitaka kukataa. Nikatazama mkono wangu, nikakaa.

Mama Mapacha alipita mbele ya meza bila kunisalimu.

Ijumaa, 5 Julai

Mkono umetulia. Nimeshona kifungo cha shati la mume wangu, si kwa mapenzi, ni kujipima.

Jumanne, 9 Julai

Koo linauma. Nimekimbilia hospitali na kanga begani. Hakuna homa, damu iko salama. Ni vumbi la ghala. Daktari amesema afadhali mtu aje bure mara kumi.

Ijumaa, 12 Julai

Karani hajui kunadi. Anatamka bei kama anayeomba radhi. Tangu apande, bei zimekuwa chini kila siku, na wakulima wanaondoka vichwa chini. Nilifurahi siku mbili za kwanza, nakiri. Leo sikufurahi.

Jumapili, 14 Julai

Nimelala usiku kucha. Nilikuwa nimesahau kwamba usingizi ni kitu kitamu hivi. Dirisha limefungwa nusu, na hakuna aliyepiga kura.

Jumanne, 16 Julai

Nimesema chumvi imezidi. Mume wangu akaniuliza kwa upole, "Umemeza dawa leo?"

Nimemeza. Na chumvi imezidi.

Ijumaa, 19 Julai

Nimemwambia mlinzi lango halifungi vizuri. Umemeza dawa? Nimemuuliza shemeji lini atarudisha ngazi yetu. Umemeza dawa, shemeji? Siku hizi nikikohoa tu mtu ananiletea maji na kidonge. Wamepata kufuli la mdomo wangu na kila mtu ana ufunguo wake.

Jumanne, 23 Julai

Ukikaa chini huoni vidole vya wanunuzi. Unaona miguu yao.

Leo nilikuwa nimetulia, moyo umetulia, kalamu inakwenda bila haraka, nikaanza kutazama. Kila fungu likiitwa, mnunuzi mmoja anaweka mguu juu ya gunia, kama anayefunga kamba ya kiatu. Akishauweka, wenzake wote wanatazama paa. Yeye peke yake anainua kidole, bei inapanda kidogo kwa heshima, nyundo inashuka. Fungu linalofuata, mguu wa mwingine.

Wanapeana zamu. Nimetazama mpaka fungu la mwisho, na hakuna miguu miwili iliyokutana kwenye gunia moja.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Huenda mchezo huu ulikuwepo tangu mwanzo wa msimu, nami niko juu pale nakimbia kama niliyewashwa moto, najisifu nimemaliza kabla ya saa sita. Ugonjwa ule watu walisema umenifanya mkali. Mimi nasema ulinifumba macho.

Jumatano, 24 Julai

Nimemweleza meneja. Nilisema taratibu, nikiwa nimekaa, mikono juu ya magoti kama mwali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa upande, akaniuliza kama nimemeza dawa.

Nikatoka kabla sijasema neno la kufukuzwa kazi. Jioni nikamweleza mume wangu. Yeye angalau hakuuliza la dawa. Aliuliza nina hakika gani, na kama si zile fikra za haraka haraka ambazo daktari alisema. Ni swali lile lile, limevaa shati.

Ijumaa, 2 Agosti

Meneja amenirudisha jukwaani. Si kwa mapenzi, ni kwa sababu wakulima watatu wamehamishia mizigo yao kwingine, na ghala bila mizigo ni banda la popo. Karani alinikabidhi nyundo kwa mikono miwili, bila kinyongo. Sikumwelewa.

Mafungu ni machache. Nimetazama tu, nimehakikisha. Miguu ile ile.

Ijumaa, 9 Agosti

Mkono ulikuwa imara leo. Naanza na hilo.

Mama Mapacha alileta fungu lake la mwisho la msimu. Alisimama kando ya magunia, hanitazami. Yule mnunuzi mnene akaweka mguu. Wenzake wakatazama paa, ambalo halina kitu zaidi ya bati. Kidole kikainuka kwa bei ya aibu. Nikaita mara moja, nikaita mara mbili. Paa likazidi kupendeza.

Nyundo ilikuwa juu, nikaiacha huko. Sheria inasema ikigusa meza imeuzwa. Haisemi ni lini lazima iguse.

Nilitulia kiasi kwamba watu walianza kugeuka, wakidhani nimepatwa na kitu. Kisha nikasema kwa sauti ya kawaida, si ya mnada, "Toa mguu wako kwenye gunia la mwenzio. Kila anayeweka mguu, wengine wanageuka mabubu. Nimewaona fungu kwa fungu tangu mwezi uliopita. Hili siliuzi."

Halafu mnunuzi mnene akacheka, akamgeukia meneja. "Mgonjwa wenu huyu amemeza dawa kweli?"

Wengine wakacheka naye. Meneja akaja mpaka chini ya jukwaa, akaniambia nishuke, nikapumzike, na nisipande tena mpaka daktari aseme mishipa yangu imetulia. Alisema kwa huruma. Huruma yake ndiyo iliyonichoma, maana mtu akikugombeza anakuhesabu mzima.

Nilishuka na nyundo mkononi. Mnada ukafungwa hapo, fungu halijauzwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Kliniki yangu ni ya tarehe kumi na tisa. Mume wangu alishauri ningoje: daktari atapima damu, atasema iko sawa, nami nitarudi kwa heshima. Ni ushauri mzuri. Nikamuuliza, na damu isipokuwa sawa? Bei ya jana itakuwa imegeuka nzuri?

Mama mkwe alikuwa kitandani kwake anasikiliza kila kitu, mlango wazi. Akasema huko huko alikolala, "Huyu namjua akiumwa. Hasira ya tezi ilikuwa inagombana na madirisha. Hii ya sasa inagombana na wezi. Mwache aende."

Mume wangu alikaa sana akizungusha bisibisi mkononi. Mwisho akasema Jumanne atafunga karakana. Nikamuuliza kwa nini. Akasema anataka kuona hiyo miguu.

Jumanne, 13 Agosti

Niliingia ghalani saa ya kawaida. Meneja alinikuta nimeshapanga meza. Akauliza liko wapi neno la daktari. Nikasema halipo. Akamwamuru karani apande.

Karani akasimama, akafunga kofia ya kalamu yake, akabaki pale pale. Yule mtu wa kuomba radhi akasema mbele ya wote, "Mimi nilikuwa juu hapo wiki tano. Niliona bei zinakufa mkononi mwangu, nikadhani ni sauti yangu mbovu. Nililala na aibu hiyo. Sipandi."

Msimu mzima nilimdhania anataka kiti changu, kumbe alikuwa anaumwa na kosa lisilo lake. Nilimwonea.

Meneja akanigeukia tena, uso umemwiva. Akasema hawezi kuruhusu mtu mwenye matatizo ya homoni aharibu jina la ghala. Mume wangu alikuwa mlangoni, ameegemea ukuta. Aliondoka ukutani, nikamwonyesha kwa mkono abaki.

Nikamwambia meneja, "Homoni ninazo. Na wewe unazo, na wao pia, vinginevyo tungekuwa tumelala chini wote. Usiniulize nimemeza nini. Niulize nimeona nini. Ijumaa, fungu lile bei yake ilikuwa ya haki au haikuwa ya haki?"

Mama Mapacha akatoka kwenye mstari wa wakulima, akaenda kuketi juu ya magunia yake, sketi imefunika gunia la mbele lote. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kisha mkulima wa fungu la jirani akaketi juu ya lake, mwingine vivyo hivyo, mpaka hapakuwa na gunia la kuwekea mguu ghala zima.

Meneja aliwatazama wakulima, akatazama lango, nadhani akawaza msimu ujao. Akasema, "Haikuwa ya haki." Alisema kwa sauti ndogo. Nikamwomba arudie, wa nyuma hawakusikia. Akarudia.

Nikapanda. Wanunuzi walikuwa wamesimama bila mahali pa kuweka miguu wala macho. Fungu la kwanza lilisuasua. La pili, mnunuzi mwembamba wa nyuma, ambaye nadhani zamu zake zilikuwa chache, akainua kidole juu ya kidole cha mnene. Mnene akamtazama kama aliyepigwa na mtoto wake. Kisha naye akainua. Basi hapo nikawa Cherehani, lakini cherehani inayoona inaposhona.

Mama Mapacha aliondoka na bei nzuri kuliko zote za msimu. Fungu la Juni nililompotezea halitarudi, na hakujifanya limerudi. Alinisalimu tu. Ilinitosha kwa leo.

Jumatatu, 19 Agosti

Kliniki. Mume wangu na mama yake walikuja wote wawili, kama wanaokwenda kusikiliza hukumu. Mama mkwe alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba tezi imepona.

Daktari akasoma majibu, akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba maendeleo ni mazuri, ila tezi bado iko juu. Haijarudi mahali pake. Mume wangu akanitazama. Mama mkwe akatazama sakafu.

Nami nilicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Kwa hiyo Ijumaa ile na Jumanne ile nilikuwa mgonjwa bado. Damu yangu ilikuwa imezidi moto, na miguu ile ilikuwa juu ya magunia vile vile. Ningengoja damu initetee, ningengoja mpaka vitunguu vioze.

Daktari akaongeza dozi ya asubuhi, kisha akapitia dalili moja moja. Joto? Limepungua. Usingizi? Upo. Moyo? Unatembea, haukimbii. Mkono? Nikamnyooshea, karatasi haikucheza.

"Na hasira?"

"Ipo," nikamwambia. "Hiyo niachie."

Akanitazama kidogo, akageukia dalili iliyofuata, akaniuliza kama napata choo vizuri.